Mapenzi ya enzi zilizopita nayo yapewe ukurasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala wa wasomaji wenzangu kuhusu hadithi za mapenzi, hasa dai la msomaji mmoja kwamba hadithi ya mapenzi yenye maana ni ile inayohusu maisha ya leo, na kwamba mtu mzima anayesoma mapenzi ya enzi zilizopita anayakimbia matatizo yake tu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Uyole hapa Mbeya, na hadithi za aina zote mbili nimezisoma tangu ujana wangu bila kuona haya. Nadhani msomaji huyo ameghafilika katika jambo la msingi, kwani anachukulia kwamba kinachotuvuta kwenye mapenzi ya zamani ni uzuri wa zamani, yaani magauni, farasi na majumba, ilhali kinachotukesha na kitabu mkononi ni ugumu wa wakati ule.

Hadithi ya mapenzi huishi kwa kizuizi. Wawili wakipendana ukurasa wa kwanza na kufunga ndoa ukurasa wa pili, mtunzi hana tena la kuandika. Katika maisha ya zamani kizuizi hicho kilikuwa wazi na kila mtu alikijua: alikuwa baba, au mila, au sheria, au vita, au safari ya miezi. Chukua mfano wa Uingereza, ambako zimetungwa nyingi kati ya riwaya za aina hii zinazotufikia. Sheria ya ndoa ya mwaka 1753 iliwapa wazazi nguvu ya kuzuia ndoa ya kijana asiyetimiza miaka 21, na kwa kuwa sheria hiyo haikuhusu Uskoti, wapendanao walikimbilia kijiji cha Gretna Green, ng'ambo kidogo ya mpaka, wafungishwe ndoa huko kabla baba hajawafikia. Binti wa ukoo wenye jina hakuruhusiwa kukaa faragha na mwanamume asiye ndugu yake, na akiolewa mali yake iliingia mikononi mwa mume, jambo lililokuja kurekebishwa kwa sheria za mwaka 1870 na 1882. Mtunzi anayewaweka watu wake katika mazingira kama hayo hana haja ya kubuni ajali ya gari wala mganga wa kienyeji. Kushikana mkono wakati wa dansi ni tukio zito, na msomaji anaupima uzito huo bila kuelezwa, maana anajua msichana yule anahatarisha nini.

Mtunzi wa hadithi ya leo hana wepesi huo. Kijana na binti wa Mbeya mjini wanaopendana mwaka huu wana simu, wana bodaboda, na wakizidiwa wanapanga chumba Mama John au Ilomba wakaishi pamoja, na majirani watawaita baba fulani na mama fulani kabla hata mtoto hajazaliwa. Kizuizi kati yao inabidi kitoke ndani yao wenyewe: woga, uongo, tamaa, kiburi, au maumivu ya mapenzi ya awali ambayo hayajapoa. Hapo ndipo ninapoiona tofauti kubwa kuliko zote. Barua ya mwaka 1940 ikipotea njiani, hakuna wa kulaumiwa. Binti anayeisubiri anaweza kuteseka mwaka mzima na mpenzi wake akabaki mtu mwema, machoni pake na machoni petu. Ujumbe wa simu ukiwa umeshawekewa tiki mbili za buluu na usijibiwe mpaka kesho yake, aliyenyamaza ameamua kunyamaza, na mtunzi analazimika kutueleza sababu. Ndiyo maana anayesoma mapenzi ya zamani mara nyingi anawatazama watu wawili wema wakishindana na dunia iliyowazunguka, ilhali wa mapenzi ya leo anawatazama watu wawili wakishindana na tabia zao. Ni raha mbili tofauti, na sioni kwa nini mojawapo iitwe ya kitoto.

Ushahidi wangu ni mdogo lakini nimeuona kwa macho. Yupo kijana pale Kabwe anayepanga vitabu chakavu juu ya turubai na kuvikodisha kwa wiki, na wateja wake wakubwa ni akina mama wauza viazi na mafundi cherehani wa jirani. Vitabu hivyo vimeshonwa upya kwa uzi wa gunia na kuvalishwa karatasi ya kalenda, na wasomaji wana mtindo wa kuandika pembeni kwa kalamu ya risasi, mkono mmoja ukimjibu mwingine. Katika riwaya moja ya mapenzi ya mjini niliyoikodi, pembeni mlikuwa mmejaa ushauri: "Achana naye dada, huyo hafai", na chini yake kwa mwandiko mwingine, "Na wewe dada umezidi." Katika nyingine, iliyohusu wapendanao waliotenganishwa na vita vya zamani, hapakuwa na ushauri hata mmoja, pembeni watu walikuwa wameandika maombi. "Jamani asife." "Mungu wangu, barua ifike." Wasomaji wale hawakusomea fasihi popote, lakini waliujua upande ambao hatari ilikuwa inatokea.

Tena mpaka wenyewe kati ya aina hizi mbili hauko pale unapodhaniwa. Jane Austen, mtunzi wa riwaya wa Uingereza aliyefariki mwaka 1817, aliandika mapenzi ya siku zake, na kwake gari la farasi lilikuwa kitu cha kila siku kisichostahili maelezo marefu. Georgette Heyer, Mwingereza mwenzake aliyeanza kuchapisha mwaka 1921, aliurudia wakati uleule wa Austen zaidi ya karne moja baadaye na kuujaza aina za magari, vitambaa na misemo ya vijana wa mjini, vitu alivyovikusanya kwa utafiti wa muda mrefu. Sisi tunawasoma wote wawili kama watu wa kale, lakini Austen alikuwa anaandika ya leo yake. Vivyo hivyo *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed ilitoka mwaka 1972 ikiwa hadithi ya wakati wake, juu ya kiu ya mapenzi na kiu ya fedha, na mwanafunzi wa sasa anaisoma kama habari za bibi yake. Walter Scott, mtunzi wa Uskoti, katika riwaya yake ya mwaka 1814, alitangaza kwenye jalada kwamba anasimulia mambo ya miaka 60 iliyopita, na wengi wanakitumia kipimo hicho hadi sasa. Kwa kipimo hicho ujenzi wa reli ya TAZARA, ulioanza mwaka 1970, uko mlangoni kabisa mwa historia, ingawa walioifanya kazi ile bado tunapanda nao daladala.

Simaanishi kwamba hadithi ya leo ni hafifu. Ina jambo moja ambalo ya zamani hulikwepa mara nyingi, nalo ni hesabu. Hadithi nzuri ya leo inajua mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Inajua nani alituma nauli na nani aliila asitokee. Inawajua wajumbe wa kamati ya harusi wanaodai michango kwa sauti kubwa kuliko bwana harusi mwenyewe. Na inathubutu kuwapeleka wachumba kupima afya kabla ya kutangaza ndoa, kisha ikakaa nao katika benchi la kusubiri majibu. Binti wa miaka 20 anayetaka kujua afanye nini na mwanamume mwenye maneno matamu na mfuko mtupu atafaidika zaidi na hadithi ya namna hiyo kuliko ya mtemi yeyote. Tatizo ni kwamba nyingi ya zile zinazochapishwa kwa mfululizo magazetini hazina ujasiri huo. Mtunzi akiishiwa na njia ndani ya mioyo ya wahusika wake, anawapakia kwenye basi na kulipindua kwenye mlima wa Kitonga, au anamleta mama mkwe na hirizi, au mtoto wa bosi anarudi kutoka ng'ambo, halafu tunaambiwa itaendelea. Anaazima vizuizi vya nje kwa sababu anaona vigumu kuvitafuta vya ndani. Ningemshauri mtunzi wa aina hiyo, kama kweli anapenda vizuizi vya nje, ahamie zamani ambako vilikuwapo kwa haki.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina utamaduni huo. Kinao. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Ni mke na mume wa kabla ya ukoloni ambao hawajajaliwa mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao arudi kwao, na mume anafunga safari kwenda kumfuata, anajinyenyekeza mbele yao na kutozwa faini ya pombe ya ndizi. Hakuna maneno ya kubembelezana yanayoweza kulingana na mwanamume anayekubali kudhalilika ukweni ili arudishiwe mke ambaye ndugu wa mume wenyewe wanashauri aachwe. Adam Shafi naye katika *Vuta N'kuvute* ya mwaka 1999 aliirudia Zanzibar ya kabla ya uhuru, akamchukua Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza mwenye duka, akamkutanisha na Denge, kijana anayewindwa na polisi wa kikoloni kwa ajili ya siasa. Rangi, dini, ukoo na serikali vyote vinasimama kati yao, na mtunzi hakuhitaji kubuni hata kimoja. Ukerewe na Unguja wametangulia. Sisi wa nyanda za juu tumebaki kukodi mapenzi ya visiwani na ya Uingereza.

Si kwamba tumekosa pa kuanzia. Monica Wilson, mtafiti wa mila na jamii aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika jinsi vijana wa Kinyakyusa walivyohama nyumba za baba zao wangali wadogo na kujenga kijiji chao cha rika, wakirudi kwa mama zao kula, na jinsi mke wa mtu alivyokatazwa kumtazama baba mkwe wake au kulitaja jina lake. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, kwa hiyo kijana alichelewa kuoa huku baba yake akiongeza mke. Mtunzi hebu akae hapo kwanza asikimbilie vita. Kijana ana miaka 25, anampenda binti wa kijiji cha pili, ng'ombe wa kumwoa anawaona kila jioni wakirudi zizini, na mwenye zizi ni baba yake, ambaye ameanza kuulizia habari za binti huyohuyo. Au amtazame bi harusi mgeni anayepita mgombani na mtungi wa maji, akasikia kikohozi anachokijua upande wa pili wa kona, akaruka nje ya njia na kufunika uso kwa kanga mpaka nyayo zipite. Mumewe anaishi na amri hiyo, naye anaishi nayo, na kila jambo wanalotaka kumwomba mzee lazima lipite kwa mtu mwingine. Watunzi wa Uingereza wangeilipia taharuki ya namna hiyo.

Kisha fedha ikaingia. Machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya sasa) na ile ya dhahabu ya Afrika Kusini vilimwezesha kijana kununua ng'ombe wake bila kumsubiri baba, lakini vilimtoa nyumbani kwa muda mrefu. Na kutoka Njombe na Makete wengine walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mke asiyejua kusoma alilazimika kuipeleka barua ya mumewe kwa mwalimu au mwinjilisti amsomee. Mume alijua hivyo tangu anaandika. Je, mwanamume anamwambiaje mkewe kwamba amemkumbuka, ilhali maneno hayo yatatoka kwanza kinywani mwa mwinjilisti, mbele ya mama mkwe na watoto waliokuja kusikiliza? Na mwinjilisti mwenyewe, akiwa kijana na hajaoa, anasoma yote yaliyoandikwa? Riwaya nzima imo katika swali hilo, na hakuna simu ya kuiharibu.

Iringa nao wana yao, ila sisi tumezoea kuwaelezea kwa vita tu. Mapigano ya Lugalo na Wajerumani Agosti 1891, kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Wahehe, Oktoba 1894, kifo cha Mtwa Mkwawa, mtawala wao, Julai 1898, kurudishwa kwa fuvu lake mwaka 1954: tarehe hizo kila mwanafunzi anazo. Lakini kati ya Kalenga na kifo cha mtwa pana karibu miaka minne ambayo Wajerumani walimsaka porini na kuwaadhibu waliomsaidia, na chakula hakikutembea chenyewe gizani. Mwanamke aliyetoka usiku na kapu la ugali na kurudi alfajiri bila kumweleza mchumba wake alikokuwa, mchumba huyo angefikiri nini? Katika hadithi ya leo, mwanamke anayetoka usiku na kudanganya ni mkosaji, na msomaji atamhukumu. Katika mwaka 1896 uongo huohuo ni uaminifu, na mwanamume anayempenda anapaswa kuuamini bila kuonyeshwa kitu. Hiyo ndiyo nafasi ambayo historia inampa mtunzi, na maisha ya sasa hayampi kwa urahisi.

Nikitaja na ya karibu zaidi nitachosha, kwa hiyo nitayapitia haraka. Wakimbizi wa Poland waliohifadhiwa Ifunda na Kidugala wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mamia ya wanawake na watoto katikati ya baridi yetu, hawajapata mtunzi wa Kiswahili ninayemjua. Kambi za TAZARA hazijapata. Hata kadi za salamu tulizokuwa tukituma redioni, ambapo mtu alimsalimu mpenzi wake kwa kumficha katikati ya orodha ya wajomba na marafiki, zinastahili angalau hadithi fupi moja.

Kuna angalizo moja ambalo silisemi kwa kupita. Riwaya nyingi za Kiingereza zinatuonyesha makabaila wenye mapato yasiyoisha bila kusema kwamba sehemu ya utajiri wa tabaka lile ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibiani, kwa jasho la watumwa, mpaka Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuukomesha utumwa huo mwaka 1833. Tusiige ukimya huo. Vita vya karne ya 19 kati ya Wahehe, Wasangu, Wangoni na majirani zao viliacha mateka, na wanawake waliotekwa waliingizwa katika nyumba za washindi wakaitwa wake. Mtunzi anayemfanya mwanamke wa namna hiyo ampende aliyemteka katika sura ya tatu, kwa kuwa tu bwana yule ni shujaa mwenye mabega mapana, ametudanganya vibaya kuliko yule wa ajali ya Kitonga. Na asijifariji kwamba mambo ya kuwaoza watoto yamepita zamani: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, na ni mwaka 2016 tu Mahakama Kuu ilipotamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliuthibitisha mwaka 2019.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wako wa hadithi ya mfululizo umekuwa wa mapenzi ya mjini kwa muda wote ninaoukumbuka. Hadithi inayoendelea sasa imalizike salama, kisha inayofuata itafutwe kwa watunzi wa Mbeya, Njombe, Iringa, Songwe na Rukwa, kwa sharti kwamba iwe ya mapenzi na iwe ya kabla ya uhuru. Apatikane pia mzee mmoja wa kuisoma kabla haijachapwa, ili kijana wa mwaka 1900 asilipe mahari kwa shilingi wakati fedha ya Wajerumani ilikuwa rupia, wala asipande gari kwenda mji wa Mbeya ambao ulikuja kuanzishwa miaka ya 1920. Kazi hiyo naweza kuifanya bila malipo, na wapo wenzangu wastaafu wanaoijua mila kuliko mimi. Ikiwa tatizo ni nafasi, nusu ukurasa wa utabiri wa nyota unatosha kabisa kwa kuanzia.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.